Sura ya Sita: Umri wa Bangi

Kwa Sajini Badr kesi ilikuwa imeshakwisha. Mshtakiwa yuko ndani, amekiri mwenyewe bila kuguswa hata ukucha, na leso yake imekutwa chumbani mwa bangi. Kilichobaki ni faili kupelekwa kwa mwendesha mashtaka na watu kwenda kula. Hayo aliyasema kwa Kiarabu pale kwenye ngazi za nyumba ya Bi Balqees, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, Omani, huku akijipepea kwa kofia.

Luteni Mahfudha binti Saeed alimpita akaingia ndani. Miaka aliyofanya kazi ya kufuatilia dawa za kulevya ilimfundisha kumtilia shaka mtu anayekiri kabla hajaulizwa. Na huyu Nambi, mfanyakazi wa ndani kutoka Uganda, alikiri askari hawajavua viatu.

Nyumba nzima ilikuwa inanuka ubani. Si ule ubani wa jioni wa kufukiza nguo na kukaribisha wageni. Huu ulikuwa umechomwa asubuhi, adhuhuri na alasiri, kila chumba na chetezo chake, mpaka macho yanawasha. Bi Balqees alisema anazuia kijicho. Mahfudha aliupita moshi huo akapanda hadi ghorofa ya juu, kwenye stoo ya zamani iliyo karibu na mlango wa paa.

Bangi ilifichuliwa kwa ajali. Kiyoyozi cha stoo kilivuja, maji yakashuka mpaka dari ya sebule, jirani aliyekuja kutembea akampigia fundi simu kwa wema wake. Bi Balqees hakuwepo. Angekuwepo, fundi asingevuka sebule. Fundi alifuata maji, akasukuma mlango, akashuka mbio akiwa amesahau ngazi yake. Polisi walipofika, Bi Balqees alikuwa ameshawahi kurudi.

Kijana wa nyumba, Ghaith, alikuwa amesimama kwenye kibaraza cha ngazi. Amemaliza uhandisi, bado hajapata kazi, na adabu anayo. Aliwakaribisha kahawa mara mbili. Aliomba mlango wa stoo urudishwe kwa sababu ya harufu. Kuhusu Nambi, aliyempikia na kumfulia miaka yote ya chuo, hakuuliza hata neno moja, na Mahfudha aliliweka hilo moyoni.

Ndani alikuwemo Daktari Taimur, mwalimu wa kilimo aliyeitwa kutoka Al Khoudh, amechutama mbele ya ndoo za mimea na kioo chake cha kukuzia. Walisalimiana kwa Kiswahili. Wote wawili wazee wao walirudi kutoka Unguja, na askari waliokuwa mlangoni hawakijui.

"Daktari, jina la mmea huu nnalo. Mimi nataka umri," alisema Mahfudha.

"Umri wake usiutazame kwa urefu. Mtu anaweza kuudumaza, anaweza kuukimbiza. Tazama umefika daraja gani."

"Nifundishe basi, nisije nikaaibika mbele ya hakimu."

Taimur alijinyoosha mgongo. "Kwanza ni mche. Mbegu inapasuka, yanatoka majani mawili laini ya duara, kisha yale yenye meno. Hapo ni mtoto mchanga, ukimzidishia maji anakufa. Daraja la pili, ukuaji. Mmea unapiga majani na matawi tu, unatanuka, unahamishwa kwenye chungu kikubwa. Na hapo unaweza kukaa muda wowote autakao mwenyewe, mradi taa zinawaka muda mrefu."

"Na maua?"

"Hapo ndipo penye siri. Nje, msimu ndio unaoamua. Ndani ya nyumba hakuna kiangazi wala kipupwe, jua ni hizi taa. Mmea huu hauchanui mpaka uone usiku umerefuka. Siku mwenye chumba akipunguza mwanga na kuzidisha giza, mmea unadhani mwaka umegeuka, unaanza kutoa maua. Mwanzo nywele nyeupe. Kisha maua yananenepa, nywele zinageuka hudhurungi, utomvu unatoka ung'avu wa kioo unakuwa kama maziwa." Alimpa Mahfudha kioo. "Tazama mwenyewe. Hii ilikuwa inangoja kisu."

Mahfudha alitazama. Nywele nyingi zilikuwa za hudhurungi. "Rudisha nyuma."

"Sasa tuko mwisho wa Mfunguo Mosi, mwezi mzima tangu Idi. Maua yalianza Ramadhani, mwanzoni mwanzoni. Shaabani yote ilikuwa inapiga majani. Mbegu zilifukiwa Rajabu. Siku siwezi kukuapia, mwezi nakuapia."

Kisha alifanya jambo ambalo Mahfudha hakulitarajia. Alichuma ua moja nene, akalipasua kwa kucha, akalipukutishia kiganjani mwake. Zilitoka mbegu mbili, ngumu, zenye mabaka.

"Hili ndilo linalonisumbua," alisema. "Mimea hii yote ni majike. Madume yalishang'olewa zamani, maana huyu bwana anayajua. Sasa mbegu zimetoka wapi, pasi na dume?"

"Niambie wewe."

"Jike la bangi likishaanza kuchanua linataka giza kamili, bila kukatizwa. Ukimfungulia mlango, mwanga ukamwingia leo, ukamwingia kesho, anachanganyikiwa. Anatoa vijiua vya kiume yeye mwenyewe na kujichavusha. Mkulima huyu alifanya kila kitu sawasawa, karatasi za bati madirishani, saa ya kuzimia taa, mlango kazibwa kwa chini. Halafu akaja akaharibu kwa kufungua mlango usiku. Si usiku mmoja. Na hizi mbegu zimekomaa, kwa hiyo ilikuwa maua bado machanga."

Mahfudha alisimama kizingitini akageuka. Mkabala wa stoo palikuwa na ukumbi wa juu, busati limetandikwa, mito imeegeshwa ukutani, taa kubwa ya vioo inaning'inia. Mwezi wa Ramadhani nyumba kama hii hailali. Watu wanarudi taraweh, wanazungumza, wanakula, wanangoja daku. Mkulima aliipangia mimea giza lake usiku, kama afanyavyo mtu mwezi wowote, akasahau kuwa Ramadhani usiku ndio mchana wetu. Alishindwa kujizuia asiinuke mitoni kwenda kuchungulia, na kila akichungulia, taa ya ukumbi inamfuata ndani.

"Leso ya yule mwanamke hii hapa," alikumbusha Badr, akionyesha kitambaa kilichokunjwa na kupigiliwa misumari chini ya mlango. "Na magunia ya udongo yalikuwa chumbani mwake."

"Leso inaanikwa uani, Badr, na uani anapita kila mtu. Na chumba chake hakina kufuli. Nilitazama."

Badr alivaa kofia yake. Chakula cha mchana kilikuwa kimeshampita.

*

Ofisini Al Khuwair Nambi aliletwa akiwa amevaa lile gauni la kazi alilokamatwa nalo. Mwanamke wa miaka thelathini hivi, nywele kazisuka vizuri, rozari shingoni. Alikaa wima, ametulia, kama abiria mwenye tiketi yake mkononi. Utulivu huo ulimkera Mahfudha kuliko kilio.

"Kiswahili umejifunzia wapi?"

"Busia, afande. Nilikuwa nauza nguo pale mpakani. Ndio maana madam alinichukua. Alisema nyumba yao inaongea Kiswahili."

"Mbegu alikupa nani?"

"Mwanaume fulani. Wa barabarani."

"Ulipanda lini?"

"Baada ya Idd. Nikisharudi kutoka kwa mama kabiir."

"Mama kabiir ndiye nani?"

"Mama yake madam. Ako Al Khoudh. Ramadhani ikikaribia madam hunipeleka huko nisaidie kupika. Kila mwaka."

Mahfudha alitua kalamu. Katika maelezo yote aliyochukua Badr, hili halikuwemo. Badr aliuliza kwa Kiarabu cha jikoni ulipanda, akajibiwa nilipanda, akafunga faili. Kuazimana wafanyakazi mwezi wa Ramadhani ni jambo la kila nyumba, tena mtu anaona anafanya thawabu, na jambo la kila nyumba nani atalitilia maanani.

"Haya. Ukapanda. Kisha?"

"Nikawa namwagilia, asubuhi na jioni. Nafungua dirisha ndio ipate jua."

"Dirisha la kile chumba limebandikwa bati na kugandishwa kwa gundi."

Nambi alitazama meza. "Basi nilikuwa nawasha taa."

"Ulifanya nini ili itoe maua?"

"Maua inatoka yenyewe."

"Madume uliyatoa lini?"

Nambi aliinua uso, na kwa mara ya kwanza alitaka kucheka. "Afande. Mti uko na bwana?"

Mahfudha alimwekea picha mbili. Moja ya mche wa majani manne, nyingine ya mmea wa stoo ulioshiba maua. "Yako ni ipi?"

Mwanamke alizitazama bila haraka. Akaweka kidole juu ya mche. "Mimi ni mtoto wa shamba. Kama nilipanda baada ya Idd, inakuwa hivi. Haiwezi kuwa kubwa namna hiyo ingine." Kidole kilibaki pale pale juu ya picha, na polepole akaelewa alichokisema.

"Nani alikwambia useme ni wewe?"

"Hakuna mtu."

"Nambi."

"Ndege itakuwa lini?" aliuliza.

"Ndege gani?"

"Ya kunirudisha. Mtu wa nje akikamatwa wanampeleka kwao. Namirembe walimpeleka. Alikamatwa, akakaa kidogo, wakampandisha, khalas. Sasa ako Masaka na watoto wake."

Mahfudha alivuta pumzi. Namirembe huyo, kwa maelezo yaliyofuata, alikuwa ametoroka kwa tajiri wake akaenda kufanya kazi kwingine. Alikamatwa, akarudishwa kwao. Na habari zake zikazunguka kwenye simu za wanawake wa Uganda mji mzima, kila aliyenyimwa ruhusa ya kwenda kwao akiamini amepata mlango: kamatwa, utapelekwa.

"Sikiliza vizuri. Namirembe alitoroka kazi. Hii ni bangi. Sheria ya nchi hii haina mchezo na bangi. Hawakupandishi ndege. Wanakufunga kwanza, na ndege unapanda ukiwa na mvi."

"Madam hawezi kunidanganya."

"Kwa nini hawezi?"

"Yeye huongea na mimi vizuri. Nyumba zingine ni kelele na Kiarabu. Yeye anasema, Nambi mwanangu." Alishika rozari yake. "Kontrakti yangu iliisha, afande. Nikaomba kwenda. Akasema ngoja Idd ipite. Idd zimepita mbili. Pasipoti ako nayo. Mtoto wangu nilimwacha akinyonya, saa hii kwa simu ananiita anti. Mama yake ni dada yangu. Juzi madam akaniambia, sema ni wewe, hii ndio njia ya haraka, Idd kubwa itakukuta kwa mtoto wako. Mimi nikasema sawa. Hata nilimshukuru."

Badr, asiyejua Kiswahili, aliuliza amesema nini. Mahfudha alimtafsiria yote bila kupunguza. Sajini hakutaja chakula tena siku ile.

*

Bi Zuwena wa Al Khoudh alimpokea Mahfudha akiwa amekaa juu ya kitanda, miguu imefungwa bandeji magotini, redio iko tumboni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wewe mtoto wa nani?"

"Wa Saeed bin Ayman."

"Alaa. Babaako nnamjua, na bibi yako nnamjua zaidi, mpishi yule. Kaa. Kunywa kahawa."

Mahfudha alikunywa. Kisha akauliza habari za Nambi, kama anavyouliza mtu anayetafuta mfanyakazi, na hilo lilikuwa uongo wake wa kwanza siku hiyo.

"Nambi? Ukimpata yule shika sana. Tokea mwanzo wa Shaabani alikuwa hapa kwangu, magoti yangu haya hayasimami jikoni. Hakurudi kwa Balqees mpaka nlipomaliza kufunga sitta yangu, zile siku sita za baada ya Idi."

"Katikati hakwenda kule hata usiku mmoja?"

"Ende na nani? Akilala hapo chini, miguuni pangu, na mlango nnaufunga mwenyewe. Tukila daku pamoja, ingawa yeye hafungi, maskini."

"Na huko Bi Balqees alibaki na nani?"

"Yeye na Ghaith tu. Mumewe yuko Duqm na kazi yake." Bibi alitabasamu. "Mjukuu wangu yule ana huruma, usimwone. Ndiye aliyemleta Nambi na gari yake, mapema kuliko miaka yote. Akanambia, bibi kaa naye, kaa naye mpaka utakapomchoka. Vijana gani siku hizi wanaofikiri magoti ya bibi zao?"

Mahfudha aliweka kikombe. Alikuwa amekuja kutafuta ushahidi na ameupata, mzima, kutoka kwa mtu aliyeutoa kwa mapenzi. Bi Zuwena alimtaka abaki kula wali. Alisema ana haraka.

*

Sebuleni kwa Bi Balqees chetezo kilikuwa kinafuka bado. Mwenye nyumba alisimama, mtandio begani, akanyoosha mkono kukaribisha kisha akauona uso wa mgeni, mkono ukashuka.

"Da Balqees, natoka kwa mama."

"Nani kakutuma kwa mama yangu? Mzee yule mgonjwa."

"Mbegu zilipandwa Rajabu. Nambi kaondoka hapa mwanzo wa Shaabani, mimea ndiyo kwanza ina majani. Mimea haijimwagilii. Aliyeihamisha vyungu ni mtu mwengine, na taa alizikata yeye wakati Nambi yuko kwa mama. Ramadhani nyumba hii mlikuwa watu wawili. Sasa niambie ni wewe au ni Ghaith, tusichoshane."

Bi Balqees alikaa. Hakulia. Alianza kuukunja mtandio wake kwa utaratibu, pindo kwa pindo.

"Mwanangu kasoma," alisema. "Kaomba kazi kila mlango. Mtu akikaa bure anaingiwa na shetani. Mimi mwenyewe nimejua baada ya Idi, harufu iliponishinda. Nlimwambia ang'oe. Akanambia wiki hii tu, mama, wiki hii tu."

"Na Nambi?"

"Angerudi kwao."

"Ulijua kuwa harudi."

Bi Balqees aliulaza mtandio uliokunjwa mapajani. "Ningemwekea wakili," alisema mwisho.

"Mlimwibia leso yake mkapigilia mlangoni."

"Leso sikuchukua mimi."

"Magunia?"

Bi Balqees alimwangalia Mahfudha kwa macho ya mtu anayetafuta udugu mahali ulipokuwapo jana. "Mahfudha mwanangu. Sisi ni watu wamoja. Bibi yako na mama yangu wamerudi Omani kwa meli moja, wakigawana maji ya kunywa. Utanivunjia nyumba kwa ajili ya mtu wa kupita?"

"Wewe ulimchukua yule kwa sababu anakijua Kiswahili. Ukamwita mwanangu kwa Kiswahili hicho hicho. Angekuwa hajui lugha yetu, da Balqees, usingeweza kumwuza kwa ulaini vile."

Hasira ilimtoka Mahfudha pale, na ikamtoka kwa sauti asiyoitaka, maana neno mwanangu na yeye ndio kwanza ameitwa.

Ghaith alikuwa ameshuka bila mtu kumsikia. Alisimama karibu na mlango wa jikoni, mikono inaning'inia. "Mama, basi," alisema. Kisha akamgeukia Mahfudha, na alichouliza hakikuwa kuhusu mama yake wala Nambi. "Umejuaje ya Ramadhani?"

"Maua yana mbegu."

Kijana alifumba macho. "Nilikuwa nachungulia tu," alisema. "Mama akiandaa daku."

"Na kwa bibi yako ulimpeleka Nambi mapema ili asikuone."

"Alikuwa anafagia ghorofa ya juu kila siku." Alisema hivyo kama mtu anayelalamikia mfanyakazi mwenye bidii mno.

Badr alimfunga pingu kwa mbele. Bi Balqees alimfuata mwanawe hadi garini akimfunga vifungo vya kanzu shingoni, askari wakamwacha amalize. Jirani aliyemwita fundi alikuwa dirishani mwake. Mahfudha aliomba pasipoti ya Nambi, akaletewa kutoka kabatini, imefungwa pamoja na dhahabu za nyumba.

*

Nambi alikuwa hajala. Sahani ya wali na samaki ilikuwa imepoa pembeni. Mahfudha alivuta kiti akakaa upande mmoja naye, si mkabala, akamweleza mwanzo hadi mwisho: Ghaith amekamatwa, amekiri, yeye Nambi hana kosa tena. Akamwekea pasipoti mezani.

Nambi aliichukua. Aliifungua kwenye picha yake mwenyewe, akaitazama muda mrefu, msichana aliyenona mashavu aliyepigwa picha ile Kampala. Akaifunga.

"Kwa hivyo naenda nyumbani."

"Utaenda."

"Lini?"

Mahfudha aliujua mlango wa chumba ulipo, na kwa kitambo kidogo alitamani kuutumia kabla hajajibu. "Wewe ni shahidi, Nambi. Wewe na Bi Zuwena. Bila wewe, wakili wa Ghaith atasema maneno yote haya tumeyatunga. Lazima uwepo mpaka kesi isikilizwe. Nyumba ya kukaa utapewa, na chakula. Kwa Bi Balqees hurudi."

"Kesi inasikilizwa lini?"

"Hakimu ndiye anayepanga."

"Mwezi huu?"

"Sidhani."

"Mwaka huu?"

Mahfudha alitaka kusema inshaallah. Neno lilifika mdomoni, akalirudisha. Aliwaza mara ngapi mwanamke huyu ameambiwa inshaallah jikoni kwa Bi Balqees, Idd ya kwanza na Idd ya pili.

"Sijui," alisema.

Nambi alitikisa kichwa taratibu. Hakukasirika, na hilo lilikuwa zito zaidi kulibeba. Aliirudisha pasipoti mezani, akaisukuma kwa kidole mpaka ikafika upande wa Mahfudha.

"Kaa nayo, afande. Huko utakakonipeleka watu wataiba."

"Nambi, nimekuokoa na jela. Unanielewa?"

"Naelewa. Asante." Alijipangusa uso kwa kiganja cha mkono. "Madam alinidanganya. Lakini yeye alinipa tarehe."